Sikio Kwanza: Video za Hadithi na Somo la Kiingereza kwa Watoto



Somo la Kiingereza katika shule zetu nyingi za msingi lina njia yake iliyozoeleka. Mwalimu anaandika sentensi ubaoni, darasa linaisoma kwa pamoja, kila mwanafunzi anainakili daftarini, na zoezi linasahihishwa. Mwanafunzi akishapata vema zake, tunaamini amejifunza. Lakini sentensi ileile ikitamkwa na mtu mgeni, kwa mwendo wa kawaida wa mazungumzo na bila maandishi mbele, mwanafunzi huyo hubaki kimya. Maneno yote anayajua yakiwa yameandikwa, yakisemwa, hayatambui. Hata tathmini za Uwezo, zilizofanyika Tanzania, Kenya na Uganda na kuamsha mjadala mzito kuhusu ubora wa elimu, zilijikita katika kusoma na kuhesabu. Kusikiliza ni stadi ambayo mitaala huitaja ya kwanza na madarasa huifikia ya mwisho.

Kwa mtoto wa Tanzania upungufu huu una gharama yake. Anayesoma shule ya msingi ya umma hufundishwa kwa Kiswahili, kisha anaingia Kidato cha Kwanza na kuanza kusikiliza Baiolojia, Jiografia na Fizikia kwa Kiingereza, kutwa nzima, siku tano kwa wiki. Asiyesikia hawezi hata kuandika kile anachosomewa, achilia mbali kukielewa. Tena mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeshusha somo la Kiingereza hadi Darasa la Kwanza, yaani kwa watoto ambao bado wanajifunza kusoma kwa lugha wanayoijua. Kwa mtoto wa umri huo, ubao hausaidii kitu. Lugha mpya itaingia kwa sikio au haitaingia kabisa. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba video fupi za hadithi ni nyenzo nzuri ya kulizoeza sikio hilo, kwa sharti moja lisilokwepeka: mwalimu abaki kuwa msimulizi, na video iwe chini ya mkono wake. Video iliyowashwa na kuachwa iendelee hadi mwisho hufundisha kidogo mno. Video inayosimamishwa, inayoulizwa maswali na kurudiwa, hufundisha mengi.

Tuanze na ugumu wenyewe, maana dawa hufuata ugonjwa. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja hutamkwa waziwazi popote ilipo. Silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, na mkazo kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo sikio la mtoto hujua neno linapoishia bila kufundishwa. Kiingereza hakimpi msaada huo. Matamshi sanifu ya Uingereza yana sauti za irabu zipatazo 20, na ndiyo sababu mtoto wetu husikia "ship" na "sheep" kama neno moja, asijue kama hadithi inahusu meli au kondoo. Mkazo wa Kiingereza huhama kutoka neno hadi neno, na silabi isiyo na mkazo humezwa. Sentensi "What did you do?" ina maneno manne ubaoni, lakini mdomoni mwa mzungumzaji hubanwa ikawa kama maneno mawili. Wakati uliopita, ambao sisi tunauonyesha kwa silabi nzima katikati ya kitenzi, wao mara nyingi huuficha katika konsonanti moja ya mwisho: "walked" huishia kwa sauti ya t, "played" kwa sauti ya d, na "wanted" pekee katika matatu hayo ndiyo huongeza silabi. Kisha yapo yale mawili yanayosumbua hadi sekondari, "he" na "she". Mzungumzaji wa Kiswahili akisema "alikwenda", hatuambii kama aliyekwenda ni mwanamume au mwanamke, na hakuna anayeuliza. Sikio lililokulia hapo halina mazoea ya kungoja habari hiyo. Mambo haya yote hayaonekani katika maandishi. Mengine maandishi huyaficha kabisa. Mwalimu anaweza kuyaeleza mwaka mzima na mtoto asiyasikie, kwa sababu sikio huzoezwa kwa kusikia.

Basi kwa nini hadithi, na si orodha ya sentensi zilizorekodiwa? Kwa sababu msikilizaji wa lugha ngeni huelewa kwa kubashiri, na hadithi ndiyo aina ya maneno inayobashirika kuliko zote. Fisi akimwona mbuzi amefungwa peke yake, mtoto anajua kitakachofuata kabla hakijasemwa, na kwa kuwa anajua, masikio yake yana nafasi ya kushughulika na namna kinavyosemwa. Hadithi hurudia, na marudio hayo hayachoshi: swali lilelile huulizwa mlango wa kwanza, wa pili na wa tatu, na ifikapo mara ya tatu darasa linalitamka pamoja na mhusika. Ushahidi upo. Mwaka 1980 watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vingi vya hadithi zenye picha katika shule za vijijini Fiji, kwa watoto waliokuwa wakijifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Baada ya miezi minane, watoto hao walikuwa wamesonga mbele katika kuelewa yale wanayosoma na wanayosikiliza kwa kasi ya takriban mara mbili ya kawaida. Mwaka 1989 Elley alichapisha matokeo mengine kutoka New Zealand, kuhusu watoto waliosomewa hadithi kwa sauti. Waliosomewa tu bila maelezo waliongeza takriban asilimia 15 ya maneno mapya yaliyopimwa. Waliosomewa na mwalimu akagusia maana ya maneno hayo kidogo njiani waliongeza takriban asilimia 40. Hadithi ilikuwa ileile. Tofauti ililetwa na kinywa cha mwalimu. Tuikumbuke tofauti hiyo, kwani itajitokeza tena tukifika kwenye video.

Kuhusu video, tafiti zina sauti mbili, na atakayesikia moja atapotoka. Sauti ya kwanza ni ya onyo. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walichapisha jaribio maarufu lililofanywa Marekani. Watoto wachanga wa miezi tisa waliochezeshwa na kusomewa vitabu ana kwa ana na wazungumzaji wa Kichina waliweza kutofautisha sauti za Kichina zisizokuwepo katika Kiingereza. Wenzao waliopewa wazungumzaji walewale kwa njia ya video hawakujifunza chochote kilichopimika. Miaka sita baadaye Sarah Roseberry na wenzake walionyesha kwamba watoto wenye umri chini ya miaka mitatu walijifunza vitenzi kutoka kwenye video pale tu mtu mzima alipoungana nao kuwasaidia, ilhali wenye zaidi ya miaka mitatu waliweza kujifunza kutoka kwenye video peke yake, ingawa msaada bado uliwafaa. Sauti ya pili ni ya matumaini. Watayarishaji wa kipindi cha Blue's Clues cha Marekani, kilichoanza mwaka 1996, walirusha kipindi kilekile siku tano mfululizo, wakaweka ndani yake maswali na kimya cha kumpa mtoto nafasi ya kujibu. Utafiti wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto waliokiona mara tano hawakukichoka. Walikielewa zaidi, na walizidi kujibu kadiri walivyokizoea. Nyumbani Tanzania, Dina Borzekowski alichapisha mwaka 2018 matokeo ya jaribio lililohusisha watoto zaidi ya 500 mkoani Morogoro. Waliotazama katuni ya Akili and Me, inayotengenezwa na shirika la Ubongo la Dar es Salaam, walifanya vizuri zaidi katika kutambua namba, kuhesabu, maumbo, kuchora, na hata katika Kiingereza, wakilinganishwa na waliotazama vipindi vingine. Ukiziweka tafiti hizi pamoja, jambo moja linajitokeza: kioo peke yake ni mwalimu dhaifu, hasa kwa mtoto mdogo, lakini kikiambatana na marudio, nafasi ya kujibu na mtu mzima wa kuitikia, huwa msaidizi wa kweli.

Afrika Mashariki ililijua hili kabla ya zama za video. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya mwanzo ya shule za msingi. Vipindi vya nusu saa viliandikwa vikiwa na vituo vya makusudi: msomaji anauliza, redio inanyamaza, darasa linajibu kwa sauti, kisha redio inatoa jibu sahihi. Watoto wa shule zilizokuwa na redio waliwazidi wenzao, na kusikiliza kulikuwa miongoni mwa stadi walizowazidi. Wala mbinu hiyo haikuwa ngeni kwa mtu aliyekulia katika ngano. Msimulizi wa Kiswahili haanzi hadi ameitikiwa. Akisema "Paukwa", hungoja "Pakawa". Katika fasihi simulizi tunamwita fanani, na wanaomsikiliza tunawaita hadhira, na tunawafundisha wanafunzi wa sekondari kwamba hadhira ni sehemu ya utendaji: huitikia, huimba kiitikio, huuliza, humsahihisha fanani akiteleza. Video ina hadithi na haina fanani. Haijui kama darasa limeelewa, haingoji, haimwoni mtoto aliyepotea. Kazi hiyo ya fanani lazima ifanywe na mtu, na darasani mtu huyo ni mwalimu, mwenye kidole chake kwenye kitufe cha kusimamisha.

Tuangalie somo moja kwa karibu. Chukua video ya dakika nne ya mbio za sungura na kobe, hadithi ambayo watoto wengi wameshaisikia nyumbani kwa sura moja au nyingine. Kabla ya kuiwasha, mwalimu anaonyesha picha moja tu iliyoganda, sungura na kobe wakiwa mstarini, na kuuliza kwa Kiswahili: hawa ni nani, wanataka kufanya nini, nani atashinda? Kisha anatamka maneno matano ya Kiingereza bila kuyaandika, kila moja akiliambatanisha na kitendo cha mwili: kukimbia, kulala, polepole, haraka, kushinda. Anaiwasha video na kuisimamisha pale sungura anapojilaza chini ya mti. Anauliza kwa Kiingereza chepesi, "What will he do now?" Watoto watajibu kwa Kiswahili, na si kosa. Mwalimu anapokea jibu na kulirudisha kwa Kiingereza, "Yes, he will sleep", darasa linalirudia, na hadithi inaendelea. Siku ya pili video ileile inachezwa, kioo kikiwa kimegeuziwa ukutani. Safari hii hakuna cha kutazama. Upande mmoja wa darasa unasimama kila usikiapo neno la kobe, upande mwingine kila usikiapo neno la sungura, na mtoto aliyekuwa akifuata picha tu hujulikana papo hapo kwa kuchelewa kusimama. Siku ya tatu picha inarudi na sauti inazimwa, na watoto wenyewe wanasimulia, mmoja sentensi moja. Siku zote tatu hadithi haikubadilika. Kilichobadilika ni kile sikio lilichotakiwa kufanya. Na kila siku kazi hiyo haikula zaidi ya nusu ya kipindi cha dakika 40.

Somo hilo linajibu pingamizi la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote: kwamba picha humfanya mtoto aache kusikiliza. Ni kweli. Mtoto anaweza kuiona hadithi yote, akacheka mahali pa kucheka, akajibu maswali ya mwalimu kuhusu kilichotokea, na asiwe amesikia hata sentensi moja. Mwalimu anayepima usikivu kwa kuuliza "nani alishinda?" anapima macho. Lakini tiba si kuitupa picha, kwa kuwa bila picha mtoto anayeanza hana pa kushikia maana. Katika hadithi ya bibi na mjukuu, kwa mfano, picha ndiyo inayomwonyesha kwamba "she" anayetajwa ni yule bibi mwenye kanga, na kwamba "he" ni mjukuu wake. Tiba ni kuitumia picha siku ya kwanza na kuiondoa siku ya pili. Kwa sababu hiyohiyo maandishi yanayopita chini ya picha yafichwe kwa watoto waliokwisha kujua kusoma, angalau hadi hadithi imesikika mara mbili, maana jicho la msomaji hukimbilia maandishi na kuliacha sikio bila kazi.

Pingamizi la pili ni la vifaa na idadi. Darasa lina watoto 80, umeme unakatika, projekta haipo. Pingamizi hili halijibiwi kwa ndoto za maabara ya kompyuta kila shule, bali kwa kuangalia kilichopo. Baada ya Sensa ya 2022 Serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu, na walimu wengi wana simu inayocheza video. Kioo cha simu hakiwatoshi watoto 80, lakini spika ndogo ya kuchaji huwatosha, na tumeona kwamba theluthi moja ya kazi inahitaji sauti peke yake. Picha nne au tano za hadithi zinaweza kuchorwa kwa kalamu nene kwenye karatasi za manila na kubandikwa ubaoni, darasa zima likaziona. Video ipakuliwe mara moja mjini au ofisini na ihifadhiwe kwenye kadi ya kumbukumbu, ili somo lisitegemee bando wala mtandao. Shule isiyo hata na simu inaweza kufuata mpangilio huohuo kwa mwalimu kusimulia mwenyewe. Nyenzo ikikosekana, mbinu haikosekani.

Pingamizi la tatu ni la lafudhi na utamaduni: kwamba video zitawafundisha watoto wetu kuongea puani na kuota theluji. Hapa ziko hofu mbili, tuzitenganishe. Kuhusu lafudhi, mtoto anayesikiliza Kiingereza cha aina moja tu, kile cha mwalimu wake, atakwama siku atakapokutana na Mkenya, Mnigeria, Mhindi au Mwingereza. Sikio linahitaji sauti nyingi; mdomo unaweza kubaki na lafudhi yake, nayo haina aibu yoyote mradi aeleweke. Kuhusu utamaduni, hofu ina msingi, lakini leo hatulazimiki kuchukua kila kitu nje. Katuni za Ubongo zinapatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na wahusika wake wanaishi mazingira ya hapa. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi nyingi zenye picha zilizoandikwa Afrika, kwa Kiingereza na Kiswahili, na leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuzitumia na kuzirekebisha bila malipo. Mwalimu mwenye simu anaweza kupiga picha kurasa zake, akamwomba mwenzake mwenye matamshi mazuri arekodi sauti, na akawa na video ya shule yake mwenyewe.

Wapo wanaopinga kwa jina la Kiswahili, nao wanastahili jibu la heshima. Wanauliza kwa nini tuhangaike kunoa Kiingereza cha watoto wadogo wakati lugha ya taifa ipo na inajitosheleza. Mimi naona hoja hii inaunga mkono ninachosema. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wameeleza kwa miaka mingi kwamba kukifanya Kiingereza lugha ya kufundishia masomo yote si njia ya kukifundisha Kiingereza. Kinachotakiwa ni kukifundisha vizuri kama somo, kwa walimu waliofundwa na nyenzo zinazofaa. Kadiri somo la Kiingereza linavyofundishwa vizuri, ndivyo inavyopungua nguvu ya hoja ya kukilazimisha kwenye kila somo. Tena katika somo nililolieleza Kiswahili hakikufukuzwa mlangoni: ndicho kilichofungua hadithi, ndicho walichobashiria watoto, na ndicho mwalimu alichokitumia kujua kama wameelewa.

Mzazi anaweza kuongeza kwamba watoto wameshazidiwa na vioo nyumbani. Yuko sahihi kuwa macho, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri kwamba watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku mbele ya kioo, na ikipungua ni bora zaidi. Lakini dakika nne zenye maswali, vitendo na kusimama ni kitu tofauti na saa mbili za katuni sebuleni. Mzazi anayetaka kusaidia asinunue kishikwambi cha pili. Akae na mtoto mara moja kwa wiki, watazame hadithi moja fupi, kisha amwombe amsimulie. Hata mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kuifanya kazi hiyo, na kwa yeye kutojua, mtoto hupata sababu ya kweli ya kueleza.

Ndugu zangu, ninachowaomba ni vitu vitatu. Vyuo vya ualimu viwafunze wanachuo kusimulia na kusimamisha, wala visiishie kuwafunza kuwasha vifaa. Taasisi ya Elimu Tanzania iandae hadithi chache fupi zilizorekodiwa kwa sauti mbalimbali za Kiafrika, zenye vituo vya kujibu ndani yake kama vile vya redio ya Kenya, na izitoe bure kwa kila shule. Nanyi walimu, msingoje hayo yote. Chagueni hadithi moja isiyozidi dakika tano, itumieni wiki nzima badala ya kutafuta mpya kila siku, na mwisho wa wiki wasomeeni watoto sentensi tano za hadithi hiyo bila picha wala maandishi, mkiwataka waonyeshe kwa vitendo walichosikia. Watakaoweza watakuwa wamejifunza kusikiliza. Wasioweza watakuwa wamewaonyesha pa kuanzia Jumatatu.